Barua ya wazi kwa wasimamizi wa Mji Mkongwe: Vibao viandikwe, na viandikwe kweli

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum. Naanza kwa kukiri kosa. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikiwaambia wageni uongo, tena kwa sauti kubwa, mkono mmoja nimeunyoosha kuelekea Beit al-Ajaib, lile kasri kubwa la Forodhani, na mwingine umeshika mwavuli. Uongo wenyewe ni huu: kwamba Unguja iliwaka taa za umeme barabarani kabla ya London.

Aliyenizindua ni mzee mmoja wa Kiingereza, mstaafu, aliyefanya kazi ya umeme maisha yake yote. Hakunikatiza mbele ya watu. Alisubiri wenzake wateremke kununua madafu, akanisogelea, akaniambia kwa upole kwamba ukingo wa mto Thames uliwekwa taa za umeme mwaka 1878, na kwamba 1882 London tayari ilikuwa na mtambo wa kuzalishia umeme pale Holborn Viaduct. Beit al-Ajaib lenyewe limejengwa 1883. Hesabu ilikuwa mbele ya macho yangu siku zote na sikuwahi kuipiga. Nilitamani ardhi ipasuke.

Yule mzee alinipa bakshishi yangu kama kawaida, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Usiku ule nilijiuliza neno lile nimelipata wapi. Nimelipata kwa mtembeza wageni aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, na yeye kalipata kwa aliyemtangulia. Hatukuwa na pahala pa kuhakiki. Ukutani hapana kibao, ofisini hapana kijitabu, na kwenda kupekua makaratasi katika Nyaraka kule Kilimani si jambo la kijana anayetafuta riziki ya siku hiyo hiyo. Basi kila mtu anaongeza chumvi yake, na chungu kinazidi kuwa kichungu.

Ninachokuombeni ni kidogo. Mji huu una mambo mengi yaliyotokea hapa kwa mara ya mwanzo, mengine kwa Afrika Mashariki nzima, mengine kwa upana zaidi. Wekeni vibao pale yalipotokea. Viandikwe kwa Kiswahili kwanza, lugha nyengine zifuate chini yake. Na viandikwe kweli: ni la mwanzo wapi, mwaka gani, na kwa mikono ya nani. Hilo la mikono ya nani ndilo lililonifanya nishike kalamu, nitalifikia.

Tuanze na hilo hilo Beit al-Ajaib, maana ndilo linalotangulia katika kila ziara. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar wakati ule, alilijenga kwa sherehe na maonesho, si kwa kulala. Nguzo za chuma zilizolizunguka na baraza zake pana vilikuwa kitu kipya katika mwambao wetu. Ndilo jengo la mwanzo Zanzibar kuwa na umeme, na la mwanzo Afrika Mashariki kuwa na lifti ya umeme. Maneno hayo peke yake yanatosha kumfungua mgeni mdomo. Hatuna haja ya kuongeza London, wala ya kuongeza ule mlango ambao ati Sultani alikuwa akipita juu ya tembo. Nimeusimulia huo wa tembo pia, nisikufichieni. Watoto huupenda sana.

Lakini tazameni jinsi jengo lilivyobeba historia yake mwilini. Mnara wa saa tuliokua nao sote haukuwa sehemu ya jengo lilipojengwa. Mbele yake ulisimama mnara wa taa peke yake, ukiongoza vyombo baharini. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, saa 3 na dakika 2, manowari za Kiingereza zilianza kulipiga kasri, na baada ya mizinga kunyamaza mnara ule ulikuwa haufai tena. Beit al-Hukm, jengo la jirani, liliharibika vibaya. Katika matengenezo yaliyofuata ndipo Beit al-Ajaib likapewa mnara wa saa usoni mwake. Kwa hiyo mgeni anayepiga picha ya mnara anapiga picha ya kovu, na hakuna aliyemwambia.

Hapo pana "ya mwanzo" nyengine ambayo sisi watembeza wageni huiuza kama karanga: vita vifupi kuliko vyote duniani. Dakika 38 kwa hesabu ya wengi, 45 kwa hesabu ya wengine. Sultani wa wakati huo, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alikuwa amefariki siku mbili kabla, Khalid bin Barghash akaingia kasrini bila ridhaa ya Waingereza, wakampa muda wa kutoka, hakutoka. Mgeni husikia "dakika 38" akacheka. Na mimi nimecheka naye, kwa sababu kicheko huleta bakshishi. Upande wa kasri watu waliouawa na kujeruhiwa wanakisiwa kufika 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Wengi wa hao 500 walikuwa watumishi, watumwa na watu wa mjini waliojikuta nyuma ya kuta za mbao na boriti. Hao hawana hata jiwe.

Ikiwa mtaweka kibao kimoja tu katika barua yangu nzima, wekeni hicho, ukingoni mwa Forodhani, kikitazama bahari. Kitaje saa, kitaje dakika, kisha kitaje idadi ya watu kwa herufi kubwa kuliko dakika. Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi wa Wajerumani akaondoka salama. Waliobaki chini ya vifusi hawakuwa na balozi.

Na jengo likisimama tena kamili, msisahau kibao cha pili. Tarehe 25 Disemba 2020, kazi ya matengenezo ikiendelea, sehemu ya mbele ilianguka pamoja na mnara wake. Mafundi wawili walifariki. Kila nikisema jina la Ajaib siku hizi nawakumbuka hao kabla sijamkumbuka Barghash.

Naenda haraka sasa kwenye reli, maana nayo ina kasoro zake za ulimi. Kabla Waingereza hawajaanza kulaza reli ya kutoka Mombasa kwenda bara mwaka 1896, Barghash alikwishakuwa na kijireli chake cha kumpeleka Chukwani. Kisha, 1905, kampuni ya Kimarekani ikaendesha treni ya abiria kutoka mjini hadi Bububu, maili 7. Ngome Kongwe, pale mnapofanyia matamasha, ilitumika kuhifadhia vifaa vya ujenzi wake. Treni ilipita katikati ya nyumba, karibu kiasi ambacho mtu aliyekaa barazani alikuwa hana budi kukunja miguu.

Hadi hapo sawa. Tatizo ni jina. Nusu ya watembeza wageni husema Bububu imepata jina kwa mlio wa treni: bu-bu-bu. Linachekesha, linakubalika, na si kweli. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuja kujulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu za maisha yake huko mwaka 1886. Humo anaieleza Bububu, alikowahi kuishi, kwa jina hilo hilo. Treni ilikuja miaka 19 baada ya kitabu. Wazee wa huko wanasema jina ni la chemchemi, maji yanavyobubujika, na mimi nawaamini zaidi wanaoyachota.

Na kwa kuwa nimemtaja: kumbukumbu zile zinahesabiwa kuwa miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa zilizochapishwa na mwanamke wa Kiarabu popote duniani. Mwandishi wake alizaliwa mwendo wa dakika chache kwa daladala kutoka mjini. Nimewahi kuwachukua vijana wa skuli mbili tofauti wakaniambia Salme ni jina la hoteli.

Nataka sasa nikupelekeni ninakotaka kwenda.

Mwaka jana mpwa wangu alikuja na darasa lake kutoka shamba, ziara ya skuli, na mwalimu wao akaniomba niwatembeze bila malipo. Watoto thelathini na kitu, kila mmoja na daftari. Nikawapitisha njia yangu ya kila siku: lifti, treni, mabomba ya maji ya Barghash, hamamu ya Hamamni, ubalozi wa Marekani uliofunguliwa 1837. Walikuwa wakiandika kweli kweli. Tulipokaa chini ya Mtini kupumzika, kitoto kimoja cha kike, kimekunja shungi kwa ajili ya joto, kikalifungua daftari lake kikaanza kunisomea orodha. Kila kitu kakiandikia pembeni kilikotoka. Lifti, nje. Treni, Marekani. Saa, nje. Kisha kikaniuliza kama ukurasa wa pili ni wa vitu vyetu, kwa sababu kimeacha nafasi.

Sikuwa na jibu la haraka. Nikawanunulia barafu za ubuyu.

Waheshimiwa, mtoto yule ameisoma kazi yetu vizuri kuliko sisi. Tumezoea kujisifu kwa vitu vilivyonunuliwa. Barghash alikuwa na pesa za karafuu na pembe, na nyuma ya pesa hizo palikuwa na migongo ya watu shambani na njiani. Kwa pesa zile aliagiza vitu vipya kabla ya majirani. Ni kweli, ni historia, iandikwe. Lakini kuwa wa mwanzo kununua si sawa na kuwa wa mwanzo kuzua, na ziara zetu zimejaa ununuzi. Ule ukurasa wa pili una vitu, tena vizito. Ila havimo katika njia ya watalii, na sehemu kubwa havimo hata katika Mji Mkongwe wenyewe. Viko Ng'ambo, ule upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe.

Cha mwanzo ni sauti. Siti binti Saad alizaliwa Fumba katika ukoo wa kitumwa, mnamo mwaka 1880. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza, na wanasema aliwaita wateja wake kwa kuimba hata mtu akamsikia kabla hajamuona. Akaja mjini, akafundishwa, akajiunga na wapigaji: Subeti bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mbaruk Talsam, Mwalim Shaaban. Taarabu ya kasri ilikuwa ya Kiarabu tokea pale Barghash alipompeleka mtu Misri kwenda kujifunza ala. Siti aliikalisha katika Kiswahili, akaitoa barazani kwa wakubwa akaipeleka uani kwa watu. Aliimba kesi za mahakamani, wanawake wanaopigwa, wakubwa wanaokula rushwa. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay akarikodiwa kwenye sahani za santuri. Ni mwanamke wa mwanzo wa Afrika Mashariki kufanya hivyo, na zile ni miongoni mwa rikodi za mwanzo kabisa za Kiswahili.

Sasa fikirini uzito wake. Kabla ya sahani zile, santuri za hapa ziliimba Kiarabu na Kihindi. Mtu alinunua mashine asikilize lugha za wenzake. Baada ya 1928, mkahawani Mombasa, Dar es Salaam, hata bara ndani, kifuniko kinafunguliwa, sindano inawekwa, na anayetoka ni mwanamke wa Fumba anayesema mambo unayoyajua kwa maneno unayoyajua. Bibi yangu alikuwa na moja ya sahani zile, imepasuka ukingoni. Aliitundika ukutani kama watu wanavyotundika aya. Haikuwa ikilia tena. Akiipangusa vumbi alikuwa akiipangusa kwa upande wa kanga, kwa mduara, akifuata mistari yake.

Siti alifariki 1950. Mgeni anayeshuka uwanja wa ndege leo anaulizia nyumba ya mwimbaji Freddie Mercury kabla hajauliza choo. Simlaumu, Freddie ni wetu pia, kazaliwa hapa 1946 na utoto wake wa mwanzo kaupitisha humu humu kabla ya kwenda zake, na wageni wanafaidi kuona picha zake Shangani. Ila nikimwambia mgeni huyo huyo kwamba miaka 18 kabla ya Freddie kuzaliwa palikuwa na mwimbaji wa Zanzibar aliyekwisha kuuza rikodi ng'ambo ya bahari, mwanamke, mfinyanzi, huwa anasimama. Anauliza, twende kwake. Na mimi sina pa kumpeleka penye neno ukutani. Naishia kumuonesha Ng'ambo kwa kidole, ng'ambo ya ule mkondo uliofukiwa pale Darajani, kama mtu anayeonesha mvua.

Cha pili ndicho hiki ninachokuandikieni nacho.

Mwaka 1928 wakoloni walikutana Mombasa kuamua Kiswahili cha vitabu vya skuli kiwe kipi, na mwaka 1930 kamati ya kusanifu lugha kwa nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi. Kilichochaguliwa ni Kiunguja, msemo wa mji huu. Ndugu zetu wa Mombasa hawajalimeza jambo hilo hadi leo, na wana hoja: Kimvita kilikuwa na mashairi makubwa wakati sisi tunahesabu magunia. Sitaki ugomvi nao, nina shemeji huko. Lakini sababu mojawapo ya Kiunguja kushika nafasi ile haikuwa uzuri. Ni miguu. Misafara iliyotoka hapa ilikwishakipeleka Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa hadi Kongo. Wapagazi, wapishi, akina mama waliofuatana na misafara, mateka waliofungwa pamoja kutoka makabila kumi: hao ndio walioisokota lugha ikawa kamba moja. Kamati iliikuta imeshasokotwa.

Na maandishi yake ya mwanzo ya kisasa yana anuani humu mjini. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza ambaye baadaye alikuwa askofu, alifika 1864, akakaa na watu wa mjini wakamfundisha, na mwaka 1870 akachapisha kitabu cha kufundishia lugha hii "kama inavyosemwa Zanzibar" pamoja na ngano alizosimuliwa hapa. Jina lililobaki kwenye jalada ni lake. Waliosimulia, waliomsahihisha akikosea ngeli, waliomcheka, wamekwenda na upepo. Kisha kuna Kiungani. Pale palikuwa na skuli ya misheni, na wengi wa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Mwaka 1888 pakatoka Kiungani gazeti la Kiswahili liitwalo Msimulizi, miongoni mwa magazeti ya mwanzo kabisa ya lugha yetu.

Hebu litazameni jambo hilo polepole. Mtoto ameshushwa jahazini, hajui mama yake yuko wapi, lugha aliyozaliwa nayo hapana wa kuzungumza naye. Miaka michache baadaye yumo katika skuli inayotoa gazeti kwa lugha aliyoikuta hapa ufukweni. Kila gazeti la Kiswahili linalouzwa leo, kutoka Lamu hadi Lubumbashi, lina babu yake katika chumba kile. Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa hotuba ndefu na kofia mpya. Naunga mkono, hata kofia. Lakini kibao kimoja Kiungani kingeniongezea zaidi ya hotuba tatu.

Niseme pia palipo na mfano mwema, nisionekane mtu wa kulalamika tu. Pale Mkunazini, kanisa la Anglikana limesimama katika eneo la soko la watumwa lililofungwa Juni 1873, na jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka ule ule. Pana maonesho yaliyoandikwa kwa uangalifu, na mtu akitoka pale anatoka kimya. Ndani ya kanisa ziko nguzo ndogo zilizosimamishwa juu chini. Inasimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo Steere akiwa safarini, aliporudi akaziacha kama zilivyo. Ndicho kitu pekee katika majengo yetu makubwa ambapo fundi wa kawaida ameacha sahihi yake, na ni kwa kukosea. Wageni wote huzipenda nguzo zile kuliko madirisha ya rangi. Nadhani najua kwa nini.

Kuna la televisheni, na hili huwa nalitunza la mwisho kwa sababu linahusu watu walio hai. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi, ya mwanzo kusini mwa Sahara. Afrika Kusini, pamoja na dhahabu yake yote, ilianza kurusha televisheni kwa taifa zima Januari 1976. Wenzetu wa Tanzania Bara wakasubiri hadi 1994. Ni kweli mitambo ilinunuliwa, na nimekwisha kusema kwamba kununua si kuzua. Lakini picha ikishapatikana inatakiwa mtu wa kusimama mbele yake, mtu wa kushika kamera, mtu wa kushona pazia, na hapakuwa na jirani wa kumuuliza ya rangi hufanywaje. Hao walijifunza wenyewe kazi ya televisheni ya rangi, ambayo nchi za jirani zilikuwa bado hazijaianza. Mama yangu anasimulia mtaa mzima ulivyokuwa ukijazana mbele ya kioo kimoja, wakubwa kwenye viti, watoto chini, na bibi mmoja aliyejitanda buibui vizuri kila msomaji wa habari akitokea, kwa kuwa mwanamume wa watu anamtazama.

Wengine kati ya mafundi na watangazaji wale bado wapo. Wanakaa barazani wakicheza bao. Kabla ya kibao chao, wapelekeeni kijana mwenye kinasa sauti, tena mwaka huu. Vibao vinaweza kusubiri, wao hawawezi.

Najua mtakavyonijibu. Mtasema Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tokea mwaka 2000 na haturuhusiwi kutobolea kuta ovyo. Sawa kabisa. Basi visitobolewe. Kibao cha ubao mdogo juu ya kigingi hakimdhuru mtu, na mafundi wetu wa kuchonga milango wangekifanya kizuri kuliko bati lolote la kuagiza. Mtasema fedha. Sitaki kugombana na bajeti nisiyoijua, lakini nawaona wageni wangu wanavyolipa kila kona wanayopita, na naona pia mabango makubwa ya simu na vinywaji yanavyopata pa kusimama bila tabu. Mtasema historia yetu ina ubishi, kila upande una yake, bora kunyamaza. Hapo ndipo nakataa. Mkinyamaza nyinyi, tunasema sisi, na sisi tuna njaa. Mwenye njaa husema kile mgeni anachotaka kusikia.

Kibao chenye ubishi kinaweza kusema kina ubishi. "Wengi huhesabu dakika 38, wengine 45." Hakuna aliyekufa kwa kusoma sentensi hiyo. Lakini kisiwe na "inasemekana" kwenye kila mstari, maana hiyo ni njia ya kuandika bila kusema.

Na msituachie sisi watembeza wageni kuviandika. Wapo wanahistoria wetu, wapo walimu wastaafu, wapo watu wa Nyaraka wanaojua sanduku gani lina barua gani. Wakae, waandike maneno machache kwa kila pahala, wayahakiki, kisha yachapishwe yote katika kijitabu kimoja cha kuingia mfukoni. Kila mtembeza wageni apewe kabla hajapewa kitambulisho. Kila skuli ipate nakala. Mimi nitakilipia changu.

Yule mtoto wa daftari nilimtafuta kupitia mpwa wangu. Nilimpelekea karatasi yenye ukurasa wa pili: Siti, Kiunguja, Msimulizi, Salme. Chini nikamuongezea Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa hapa hapa aliyeipata Nobel ya Fasihi mwaka 2021, maana tusije tukadhani mambo ya mwanzo yalikwisha zamani. Alinirudishia karatasi na swali moja kwa penseli ya rangi: pahala pa kwenda kuona ni wapi?

Sijamjibu bado. Mimi napatikana chini ya Mtini kila asubuhi kuanzia saa 2, isipokuwa Ijumaa. Akija mmoja wenu nitamtembeza bure, tutaanzia Ng'ambo.

Wenu,
Mtembeza wageni, Mji Mkongwe, Unguja